Visa vigumu vya mifupa: Jinsi wapasuaji wanavyojifunza kwa wenzao

PIKIPIKI inapoteleza kwenye changarawe za Kivaa, eneo la Masinga katika Kaunti ya Machakos, na mguu wa mwendeshaji kubanwa kati ya chuma na ardhi, aghalabu mfupa unaovunjika ni ule wa muundi. Kwa upande wa mbele mfupa huo umefunikwa na ngozi tupu, bila nyama ya kuukinga. Ncha yake hutoboa nje kwa urahisi na kukutana na mchanga, majani makavu na samadi ya barabarani. Kuanzia hapo, suala la iwapo kijana huyo atarudi kuendesha pikipiki, atatembea kwa magongo au atakatwa mguu hutegemea mambo mengi, na moja ambalo wananchi wengi hawalijui ni hili: iwapo daktari atakayempokea amewahi kuona, au kuonyeshwa na mwenzake, kisa kama hicho.

Safari ya mgonjwa huyo haiwi fupi. Huanzia katika kituo cha afya kilicho karibu, ikaendelea hadi hospitali ya Masinga au ya Matuu, na majeraha mabaya hupelekwa Hospitali ya Machakos ya Level 5 au Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi. Katika kila kituo kuna mhudumu anayelazimika kuamua jambo. Tabibu wa kituo cha kwanza huamua kuhusu dawa na kufunga kidonda. Daktari wa pili huamua kuhusu kusafisha. Bingwa wa mifupa huamua kuhusu vyuma. Uamuzi mbaya wa yule wa kwanza unaweza kumwachia bingwa kazi isiyotengenezeka.

Tangu serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zimeenea hadi vijiji ambavyo awali vilitegemea baiskeli na punda. Ajali zimefuata nyuma yake. Lakini Masinga ina majeraha yake mengine pia. Kuna wanaoanguka kutoka kwenye miembe wakati wa mavuno, wanaofukiwa na kingo za machimbo ya mchanga, na wanaojeruhiwa kando ya bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 katika Mto Tana, ambako mamba na viboko ni majirani wa wavuvi. Mfupa uliovunjwa na mamba ndani ya matope ya bwawa hautibiwi sawa na uliovunjika kwa kuteleza bafuni, hata picha za eksirei zikifanana.

Hapo ndipo ugumu wa taaluma hii ulipo. Vitabu vya upasuaji hueleza kanuni, na kanuni hizo ni chache. Visa ni vingi, na kila kimoja kina jambo lake. Mfupa ule ule, ukivunjika mahali pale pale, unaweza kudai matibabu tofauti kwa sababu ngozi imechunika, kwa sababu mgonjwa amechelewa siku nne, kwa sababu ana kisukari, au kwa sababu hospitali haina mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Mpasuaji mmoja, hata akifanya kazi miaka thelathini, hawezi kukutana na kila namna. Wapasuaji mia moja wakiwekeana visa vyao mezani, huenda wakakaribia.

Kipimo kinachotumiwa duniani kote kupanga mivunjiko yenye vidonda kilitokana na mkusanyiko wa visa. Mwaka 1976 Ramon Gustilo, daktari mzaliwa wa Ufilipino aliyefanya kazi Minneapolis nchini Marekani, pamoja na mwenzake John Anderson, walichapisha uchunguzi wa mivunjiko 1,025 ya aina hiyo. Waliigawa katika daraja tatu. Ya kwanza ni kidonda kisichofika sentimita moja na kilicho safi. Ya pili ni kikubwa zaidi lakini nyama haijaharibika sana. Ya tatu ni ile ambayo nyama imesagika, mfupa umepasuka vipande au uchafu umeingia. Mwaka 1984 Gustilo na wenzake waliigawa tena daraja ya tatu sehemu tatu, kwa kuwa waliona kwamba mgonjwa ambaye mfupa wake bado unaweza kufunikwa kwa nyama yake mwenyewe, yule ambaye hauwezi kufunikwa, na yule aliyekatika mshipa mkuu wa damu, wana hatima tofauti kabisa. Jeraha la shambani au la matope huhesabiwa kuwa la daraja ya tatu hata kama tundu lake ni dogo. Kwa hospitali inayohudumia watu wa Kivaa, kanuni hiyo moja ina uzito kuliko kurasa nyingi za vitabu.

Historia ya mifupa ina mifano mingi ya maarifa yaliyosafiri ndani ya mwili wa mgonjwa. Mwaka 1939 Gerhard Küntscher, mpasuaji wa mji wa Kiel nchini Ujerumani, alianza kupitisha chuma kirefu ndani ya uvungu wa mfupa wa paja ili mgonjwa asimame mapema badala ya kulala miezi kadhaa mguu ukivutwa kwa uzito. Wenzake wengi walimkejeli. Kisha vita vikafunga mawasiliano. Wafungwa wa kivita walioachiliwa na Ujerumani waliporudi makwao, madaktari wa Marekani na Uingereza waliwapiga eksirei na kukuta fimbo za chuma ndani ya mapaja yaliyopona. 

Kisa cha Carlo Mauri kinafanana na hicho. Mpanda milima huyo wa Italia alikuwa na mguu uliokataa kuunga kwa miaka mingi baada ya kuvunjika. Mwaka 1980 alikwenda Kurgan, mji wa Siberia, ambako Gavriil Ilizarov alikuwa akitumia pete za chuma zilizozunguka mguu na kushikiliwa kwa nyaya nyembamba zinazopenya mfupa. Mauri aliporudi amepona, madaktari wa Italia walitaka kujua aliyemtibu ni nani, na mwaka uliofuata Ilizarov alialikwa kwenda kuwaonyesha visa vyake. Mbinu iliyokuwa imefungiwa ndani ya Muungano wa Kisovieti kwa takriban miaka thelathini ilienea ulimwenguni kutokana na mguu wa mtu mmoja.

Waliogeuza jambo hili kuwa utaratibu ni wapasuaji 13 wa Uswisi waliokutana mjini Biel mwezi Novemba 1958 na kuunda chama kinachojulikana kwa herufi AO. Walijiwekea sharti ambalo wakati huo lilionekana la usumbufu: kila anayeunga mfupa kwa chuma apeleke rekodi na picha zake katika hifadhi ya pamoja, kisha apeleke tena baada ya miezi minne na baada ya mwaka. Matokeo mabaya yalihifadhiwa pamoja na mazuri. Mwaka 1960 walianza kufundisha wenzao mjini Davos kwa kutumia visa hivyo.

Hata hivyo, kukiri makosa hadharani kumewahi kuwagharimu waliojaribu. Ernest Codman wa Boston alitaka kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa na kutangaza matokeo yake. Hospitali kubwa aliyokuwa akifanyia kazi haikukubali, naye akaondoka mwaka 1914. Katika hospitali ndogo aliyoifungua mwenyewe alihudumia wagonjwa 337 kati ya 1911 na 1916, akaorodhesha makosa 123, akayachapisha kwa gharama yake. Alikufa akiwa hana mali. Leo mikutano ya kila wiki ambayo wapasuaji huketi kujadili vifo na madhara, ikiwemo katika hospitali za mafunzo za Afrika Mashariki, inafuata njia aliyoichora.

Katika eneo hili, Chama cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1950, na mikutano yake ya mwanzo ilikuwa zaidi ya kubadilishana visa kuliko kusoma utafiti, kwa kuwa mpasuaji wa wilaya wakati huo alikuwa peke yake na alitibu kila kitu. Mwaka 1999 kilizaliwa Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao makuu Arusha. Chuo hicho hakina majengo ya mihadhara kama vyuo vikuu. Mwanafunzi hubaki katika hospitali yake, huandika kila upasuaji anaofanya katika daftari lake, na visa hivyo ndivyo atakavyoulizwa kabla ya kuhitimu. Hospitali ya Kijabe na ya Tenwek nchini Kenya ni miongoni mwa zinazofunza kwa njia hiyo, sambamba na mafunzo ya shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Moi.

Mwaka huo huo wa 1999, mpango ambao pengine ndio uliokaribia zaidi mahitaji ya hospitali za kanda hii ulianzia Richland, katika jimbo la Washington nchini Marekani. Lewis Zirkle, daktari wa mifupa aliyewahi kuhudumu Vietnam wakati wa vita, alianzisha shirika la SIGN baada ya kuona kwamba misaada ya vifaa ilikuwa ikienda bila maarifa, na semina zilikuwa zikifanywa bila vifaa. Chuma cha SIGN huingizwa ndani ya uvungu wa mfupa kama kile cha Küntscher, lakini hufungwa kwa skrubu juu na chini bila kuhitaji mashine ya eksirei inayoonyesha picha wakati wa upasuaji. Mpasuaji hutumia mkono wa chuma unaoelekeza mahali pa kutoboa, na kifaa kidogo cha kupapasia tundu lililo ndani ya mfupa. Si lazima pawe na drili ya umeme.

Lakini kilichofanya mpango huo uwe shule ni sharti lake. Hospitali hupewa vyuma bila malipo, na kila chuma kilichotumika hujazwa upya baada ya mpasuaji kupeleka picha za kabla na za baada ya upasuaji katika hifadhi ya pamoja. Wapasuaji wazoefu huzipitia na kujibu: skrubu hii imepita nje ya tundu, mfupa umepinda nyuzi kadhaa, chuma ni chembamba mno. Daktari aliye katika hospitali ya mbali, ambaye hana bingwa mwenzake wa kumsahihisha, hupata msahihishaji. Baadaye huombwa picha za ufuatiliaji, na mojawapo ni ya mgonjwa akiwa amechuchumaa. Mtu anayeweza kuchuchumaa hadi chini bila kushika kitu na bila kukunja uso, goti lake linakunjika na mfupa wake unabeba uzito. Kwa mgonjwa asiye na nauli ya kurudi hospitali kupigwa eksirei, picha hiyo iliyopigwa kwa simu nyumbani hutosha kumwambia daktari mengi.

Kisa kinachowasilishwa vibaya hakimfunzi mtu. Picha ya eksirei iliyopigwa kwa simu ikiegemea dirisha, ikikata goti juu na kifundo chini, huzua ushauri wa kubahatisha. Wenzake watakapoulizwa kuhusu yule kijana wa bodaboda wa Kivaa, maswali yao ya kwanza huwa si kuhusu mfupa. Je, mguu una joto? Mapigo ya damu yanasikika kwenye kanyagio? Anaweza kuinua kidole gumba? Misuli imevimba na kuwa migumu, na je, maumivu huzidi anaponyooshwa vidole? Hali hiyo ya mwisho ni ya hatari: shinikizo ndani ya misuli huzima damu, na baada ya saa chache misuli hufa. Ndipo yafuate maswali ya ajali ilitokea saa ngapi, dawa za kuua vijasumu zilitolewa saa ngapi, chanjo ya pepopunda ilitolewa au la, na uchafu ulioingia ni wa namna gani.

Baada ya hapo wengi wao hukubaliana kuhusu hatua za mwanzo. Kidonda huoshwa kwa maji mengi ya chumvi. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 2,400 katika nchi kadhaa, ulionyesha kuwa kuosha kwa sabuni hakukuleta faida, bali wagonjwa hao walirudishwa chumba cha upasuaji mara nyingi zaidi. Na kwamba pampu ya kusukuma maji kwa nguvu haikushinda maji yanayotiririshwa polepole. Hiyo ilikuwa habari njema kwa hospitali isiyo na pampu. Nyama iliyokufa hukatwa bila huruma, na kidonda kichafu hakishonwi siku hiyo. Kukishona ili kipendeze mbele ya jamaa wa mgonjwa ni kosa ambalo limewatia watu wengi usaha ndani ya mfupa. Hufunguliwa tena baada ya siku mbili hivi na kukaguliwa.

Ubishi huanza kwenye vyuma na kwenye kufunika. Je, mfupa ushikwe kwa fremu ya nje au kwa chuma cha ndani? Kwa miaka mingi, wapasuaji wa hospitali zenye uhaba waliogopa kuweka chuma ndani ya mguu ulioingiwa na uchafu. Jibu mojawapo lilitoka karibu. Katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996 jijini Dar es Salaam, Dkt Billy Haonga na wenzake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha California cha San Francisco, waliwagawa kwa kura wagonjwa zaidi ya 200 wenye mivunjiko ya muundi iliyotoboa ngozi. Wengine walipewa fremu ya nje, wengine chuma cha ndani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti ya uhakika kati ya makundi hayo katika vifo na kurudiwa upasuaji kwa sababu ya usaha, kutounga au kupinda. Waliowekewa chuma cha ndani walipata miguu iliyonyooka vizuri zaidi, na maisha yao yalikuwa mepesi mapema. Utafiti huo haukuhusu majeraha mabaya kuliko yote, na mpasuaji makini huuliza kwanza kama mgonjwa wake anafanana na wale wa Muhimbili.

Kufunika nako kuna kanuni ambazo hurithishwa kwa visa. Mfupa ulio wazi karibu na goti unaweza kufunikwa kwa kugeuza msuli wa shavu la mguu. Katikati ya muundi hutumika msuli ulio chini yake. Karibu na kifundo hakuna msuli wa kugeuza, na huko ndiko hospitali zisizo na mpasuaji wa kurekebisha maumbile hushindwa. Mabingwa wa mifupa wa kanda hii wamekuwa wakijifunza mbinu mbili za kwanza wao wenyewe badala ya kungoja miadi ya Nairobi, kwa kuwa mfupa uliokaa wazi wiki tatu hukauka na kuoza. Rufaa inayochukua mwezi si rufaa.

Ushauri wa mwenzako wa mbali una mipaka, na wenye uzoefu huitaja wazi. Daktari wa Ulaya anayependekeza kuhamisha nyama kwa hadubini anaongea kuhusu hospitali yake. Aliyeona picha mbili hakuugusa mguu. Kwa sababu hiyo neno la mpasuaji wa Bomet, Mwanza au Lilongwe, ambaye naye hana mashine hiyo na bado mgonjwa wake ametembea, huwa na manufaa kuliko la profesa aliyezungukwa na kila kifaa. Jukumu, hata hivyo, hubaki kwa aliyeshika kisu.

Kuna pia haki ya mgonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Jina lililochapwa kwenye kona ya eksirei, uso, tatuu, hata nambari ya pikipiki iliyoonekana nyuma ya kidonda vinaweza kumtambulisha mtu, hasa kwao ambako kila mmoja anamjua mwenziwe. Mgonjwa anapaswa kuombwa ruhusa kwa lugha anayoielewa, ikiwa ni Kikamba basi Kikamba, na akikataa atibiwe vile vile.

Hatari nyingine ni ya ubinadamu: mtu hupenda kuonyesha alichokiweza. Mkusanyiko wa visa vilivyofaulu tu humdanganya kijana anayejifunza, akadhani mbinu fulani haishindwi. Katika mikutano mizuri, mwenyekiti huomba kisa kilichoharibika kwanza. Huko ndiko hujulikana kwamba chuma kilivunjika kwa sababu mgonjwa aliambiwa akanyage mapema, au kwamba usaha ulioonekana mwezi wa tatu ulikuwa umeanza wiki ya kwanza na ukaitwa uvimbe wa kawaida.

Visa vingi vinavyowasumbua wapasuaji wa Ukambani ni vya waliochelewa. Wengine walipitia kwanza kwa waganga wa mifupa wa kienyeji, ambao wapo wenye mikono mizuri kwa mivunjiko isiyo na kidonda, lakini vijiti vikikazwa juu ya mguu unaovimba damu hukatika na mguu ukaoza. Wengine walishindwa na nauli. Hivyo yale yanayojifunzwa Machakos na Nairobi huwa na maana yakirudi hadi Kivaa: kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kilicholowa, mguu unyooshwe na kufungwa kwa kibao, dawa ya kuua vijasumu itolewe ndani ya saa ya kwanza ikiwezekana, chanjo ya pepopunda isisahauliwe, saa iandikwe kwenye karatasi ya rufaa, na gari liitwe. Tabibu anayefanya hayo amefanya sehemu kubwa ya kazi ya bingwa kabla bingwa hajaamshwa.

Na baada ya miezi sita, yule aliyerudi Kivaa na chuma mguuni mara nyingi haonekani tena kliniki. Huenda amepona na yuko barabarani na abiria wawili nyuma. Huenda anatokwa usaha na ameuza mbuzi kununua dawa. Hospitali zinazotaka kujua zimeanza kuchukua nambari mbili za simu, ya mgonjwa na ya jamaa anayekaa naye, na kumpigia kumwomba achuchumae mbele ya kamera.